Kungoja Weusi Usimame

Kiungo kilichokufa kwa baridi hakinuki, mradi kimefungwa vizuri na kuachwa kikauke. Ningalipenda mtu aniambie hilo mapema, lakini hakuna aliyeniambia. Kwa majuma mengi nilikuwa nikiinamia bandeji kila asubuhi na kunusa. Hakukuwa na kitu ila harufu ya dawa na pamba. Chini yake, vidole vyote vitano vya mguu wangu wa kulia vilikuwa vyeusi kama makaa, vimesinyaa, kucha zikiwa bado zimeshikilia. Nilipovigonga kwa kalamu vilitoa mlio mkavu.

Ninamwandikia mtu anayengoja kukatwa. Wewe huenda umeletwa hapo na sukari, au ajali, au mshipa ulioziba. Mimi nililetwa na theluji, ingawa ninaishi Doha. Sitaeleza mambo ya damu na mishipa, madaktari wapo. Nitaeleza kungoja, maana nilikuja kuogopa kungoja kuliko kisu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoza. Nilikuwa natunza mashine za kutengeneza theluji katika ukumbi wa michezo ulio ndani ya jengo moja la maduka. Nje jua linakausha macho, ndani watoto wanateleza wakiwa wamevaa makoti ya kukodi. Sikusoma chuo. Mitambo nilijifunza kwa vitabu na kwa kufungua mashine zilizotupwa, na skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, nilijifunza vivyo hivyo, asubuhi tulipokuwa tukijaribu mashine kabla ya wateja kuingia. Aliyeniinua kila nilipoanguka ni Wekesa, mtu wa Kitale, rika langu, ambaye kazi yake pale ilikuwa kufundisha watoto. Tulikuwa tukiishi nyumba moja ya kupanga huko Al Mansoura, pamoja na Wakenya wengine wawili walinzi.

Baada ya miaka ya kupanda na kushuka kiteremko kimoja kifupi, tulitamani theluji ambayo haikutoka kwenye bomba. Mwezi wa Aprili tukachukua likizo, tukapanda ndege mpaka Jojia, nchi ya milima mirefu. Safari yetu ilikuwa ya siku tano kwa skii, kutoka kibanda hadi kibanda, tukivuka milima na kupita juu ya maziwa yaliyoganda. Kiongozi wetu aliitwa Levani, mwenyeji wa bonde lile.

Siku mbili za kwanza sijawahi kuwa na furaha kama ile. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu, ikifika saa sita imelainika kama uji. Kupanda, tulibandika chini ya skii vitambaa vyenye manyoya ili zisirudi nyuma. Kushuka, tukavibandua na kuteleza. Kule juu majira ya kuchipua huanza mwezi ule, na maziwa huyeyuka kwa chini kabla ya kuyeyuka kwa juu. Unapita juu ya uwanda mweupe, unasikia maji yakitembea chini yako, na unaambiwa usisimame.

Siku ya tatu, karibu na mahali ambapo ziwa lilikuwa linatoa mto, barafu ilivunjika chini ya mguu wangu wa kulia nikazama mpaka nusu ya muundi. Levani alinivuta haraka, akanivua kiatu, akakikung'uta maji, akanivisha soksi kavu kutoka mfukoni mwake. Lakini ndani kiatu kilibaki chepechepe. Kurudi tulikotoka kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele, hivyo tukaenda mbele. Tukajifunga kamba moja: Levani mbele, Wekesa katikati, mimi nyuma.

Upepo ulianza tulipokaribia kilele cha njia. Vidole viliuma, vikauma sana, kisha vikaacha. Sikupenda jinsi vilivyoacha. Nikamwita Wekesa kwa nguvu zangu zote, maana sauti yangu isingemfikia Levani.

"Mguu umekufa ganzi! Mwambie!"

Nikamwona Wekesa akigeuka mbele, akipiga kelele kwa Kiingereza. Levani akajibu bila kusimama.

"Anasema umechoka tu!" Wekesa akanipasia jibu. "Urushe-rushe! Damu itarudi! Kibanda kiko nyuma ya mwamba huo!"

Nikaurusha-rusha, kama mtu aliyeukalia mguu kanisani wakati wa mahubiri marefu. Mwamba ule ulikuwa na mwamba mwingine nyuma yake, na huo ulikuwa na mwingine. Tulifika jioni.

Kiatu kilikatwa kwa kisu. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa, vigumu, na nilipoviona sikuamini kwamba ni vyangu. Levani aliniuliza mwenyewe, uso kwa uso, vilianza lini. Nikamjibu kwamba nilisema kule juu, kabla ya kilele. Akamtazama Wekesa. Wekesa akainama kufungua kamba za viatu vyake, na kamba zenyewe alikuwa ameshazifungua.

Ukungu ulitufungia kibandani. Helikopta haikuweza kuja. Hali ilipotulia walinifunga juu ya skii zangu mwenyewe kama mzigo, wakanivuta mpaka barabarani.

*

Nilidhani nikifika Doha nitakatwa kesho yake. Daktari wa upasuaji, mama wa Kisudani niliyemwita Dakta Amna, aliutazama mguu, akaandika, akasema tungoje.

"Tungoje nini?"

"Weusi usimame. Sasa hivi hatujui kilichokufa ni kipi na kilicholala ni kipi. Nikikata leo nitakata na kizima."

"Kwa muda gani?"

"Mwili wako utachora mstari wenyewe. Unaweza kuchukua miezi."

Hayo ndiyo yalikuwa matibabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu, si kwa kukaa na kutazama. Kuanzia hapo siku zangu zilihesabiwa kwa kufungwa bandeji: Jumatatu na Alhamisi, kliniki ya miguu. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama weusi utaishia kwenye vidole au utapanda. Fundi wa kazi yangu hupanda ngazi na kutambaa kati ya mabomba. Mtu asiye na vidole anaweza kujifunza upya. Asiye na mguu hana kazi hiyo, na hapa asiye na kazi hana kibali cha kukaa.

Kliniki ile ni ya watu wa sukari. Viti vyake ni vya plastiki ya bluu, televisheni haina sauti, na kila mtu hutazama miguu ya mwenzake kabla ya uso. Siku ya pili nilipokuwa pale, mtu mmoja mnene aliyevaa kanzu na ndala moja alijisogeza karibu nami. Alinisikia nikizungumza na simu.

"Mswahili?"

"Mkenya."

"Ah, wa bara. Lafudhi yako imenambia. Mimi Athumani, wa Mombasa, dereva wa nyumba ya watu. Sukari?"

"Hapana. Baridi."

"Baridi yabisi? Hiyo hawafungi bandeji."

"Si baridi yabisi. Baridi. Theluji."

Akanitazama, akatazama dirishani, ambako lami ilikuwa ikitoa mvuke, akanitazama tena.

"Theluji ya wapi, yakhe?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka mwanamke wa Kifilipino aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Watu wa bara nyinyi! Mimi miaka yote hii nimeketi garini natafuta kiyoyozi, weye umelipa nauli kuifuata baridi kwao! Na ikakuuma!" Akajifuta macho. "Hebu nionyeshe."

"Si maonyesho haya."

"Nami n'takuonyesha wangu. Wa kwangu ni mbaya zaidi, wallahi."

Tangu siku hiyo kila Jumatatu na Alhamisi tulikaa pamoja. Alinitukana, nikamtukana. Yeye alipoteza kidole kimoja mwezi wa Mei na kingine mwezi wa Juni, na kila mara alirudi akisema kimempunguzia kazi ya kukata kucha. Nataka uelewe kwamba sikuwa na furaha pale. Lakini ilikuwa sehemu pekee mjini ambapo sikuwa kitu cha ajabu.

Nyumbani kulikuwa na rehema nyingine ndogo, nayo niiseme. Mguu ulioganda hauvumilii ubaridi tena. Hata upepo wa kiyoyozi ulinipiga kama kisu. Wale walinzi wawili, waliokuwa wakirudi kutoka lindoni huko West Bay wameloa jasho, walikubali kiyoyozi kizimwe kwa ajili yangu. Juni nzima walilala chini, shuka zimeloweshwa maji, milango wazi. Hakuna aliyenikumbusha hata mara moja.

*

Mke wangu anaishi Nyahururu na binti yetu Neema. Nilipompigia kumweleza kwamba sehemu ya mbele ya mguu huenda ikakatwa, mtandao ulikuwa mbovu. Alichokisikia ni kwamba mguu unakatwa. Akaitupa simu. Aliyeiokota ni mama yangu.

"Mguu upi?" mama aliuliza.

"Wa kulia."

"Wote?"

"Si wote. Ni huku mwisho, penye vidole."

"Basi sema vidole! Umesema mguu!"

Lakini habari ilikuwa imeshatoka nyumbani. Jumapili padre aliombea mtu aliyekatwa mguu ughaibuni, majirani wakaja na viti, wakapika chai ya watu wengi. Neema aliniandikia kuniuliza kama nitatumia mikongojo au kiti cha magurudumu. Nilimjibu kwamba mguu bado upo. Akaandika: "Mama anasema unatuficha."

Hapo ndipo uhusiano wetu ulipoanza kuingia doa. Kila nilipomwambia mke wangu ukweli, aliuchukua kuwa wa kumtuliza. "Baba Neema, nionyeshe," alikuwa akisema. Nikielekeza kamera ya simu kwenye vidole vyeusi, analia siku mbili. Nisipoielekeza, ananiambia nimekwisha kukatwa na sitaki kusema. Ukawa mwezi ambao tulizungumza kila siku na hatukuambiana chochote.

Nina tabia ya kukaa na jambo mpaka nilijue lote. Maneno ya mama hayakunitoka. Nilikuwa nimelala kitandani, mchana, nikiwaza jinsi ambavyo Kiswahili chetu kinaita mguu kutoka nyonga mpaka kwenye ukucha. Kuna paja, kuna goti, kuna muundi, kuna kisigino. Kile chote kinachoingia ndani ya kiatu hakina jina lake peke yake. Wayo ni chini tu. Nikawaza kwamba Kiingereza kina neno la mguu mzima na neno jingine la kile cha kwenye kiatu. Kisha nikawaza juu ya kamba, na Wekesa katikati, na upepo.

Wekesa alikuwa akinipikia kila jioni tangu turudi. Alikuwa akinibeba mpaka bafuni mgongoni. Hakuzungumza sana, nami nilidhani ni uchovu. Jioni ile alikuwa anasonga ugali.

"Wekesa," nikasema, "kule juu, nilipokwambia mguu umekufa ganzi, ulimwambia Levani neno gani?"

Mwiko ukasimama.

"Nilimwambia ulivyosema."

"Kwa Kiingereza. Neno gani?"

"Mguu, bwana. Mguu ni mguu."

"Kwa Kiingereza yako mawili."

Alizima jiko. Kisha akalitaja. Lilikuwa lile la mguu mzima. Alikuwa amemwambia Levani kwamba mguu wangu wote umelala, kama wa mtu aliyekaa vibaya. Levani angesikia lile jingine angesimama palepale, angenivua kiatu kwenye upepo, angeuweka mguu tumboni mwake chini ya koti. Wekesa alilijua hilo tangu kibandani. Levani alimweleza.

"Ulisema mguu," Wekesa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe ndiye ulisema mguu. Mimi nilitoa neno la kwanza lililokuja."

"Najua."

"Mbona basi unaniuliza?"

Nilitaka kujua, nikajua, na kujua hakukunisaidia chochote. Alinipakulia, akaweka sahani mahali ninapoifikia, akatoka. Siku iliyofuata alibadilisha zamu. Akawa anarudi nimelala na kuondoka sijaamka. Chakula kilikuwepo kila siku, kimefunikwa. Yeye hakuwepo.

*

Mwezi wa Julai weusi ulisimama. Mstari ulijichora chini ya vidole, mwembamba, mwekundu, kama uzi uliofungwa. Dakta Amna aliufuata kwa kidole chenye glavu na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Alikata vidole na kipande cha mbele, akabakisha kisigino na zaidi ya nusu. Nilipozinduka nililia kwa shukrani. Nikampigia mke wangu, nikamwonyesha bandeji nene yenye umbo la mguu mfupi. Alitazama sana, akasema, "Kumbe ulikuwa unasema kweli." Usiku huo tulilala tukiwa tumeelewana.

Ningependa kuishia hapa. Nimewaza kama ni haki kukupa na kinachofuata, wewe unayengoja. Lakini niliposoma maandishi ya watu wengine yanayoishia pazuri, nilijiona mimi tu ndiye niliyeshindwa.

Kidonda hakikufunga. Agosti, unyevunyevu ulipopanda kutoka baharini na kuta za nyumba zikatoa jasho, kingo zake ziligeuka kijivu. Safari hii palinuka. Nilikuwa nikiona watu wakivuta pumzi kabla ya kuingia chumbani. Homa ikinipanda nilitetemeka chini ya mablanketi wakati nje ndege walikuwa wakianguka kwa kiu. Niliacha kusoma. Niliacha kunyoa. Kuna juma moja ambalo sikumpigia mke wangu, wala sikuweza kueleza kwa nini. Kilichoniumiza ni kwamba mstari ulikuwa umeshachorwa, daktari aliukubali, nami niliukubali. Kumbe mwili wangu ulikuwa haujaamua.

Athumani alinipigia simu.

"Umekosa Jumatatu. Umekosa Alhamisi. Umekufa?"

"Bado."

"Basi njoo, kiti chako amekikalia mtu wa Nepal na hajui matusi."

Alikuja kunichukua mwenyewe kwa gari la tajiri wake. Hakufanya utani njiani. Alifungua madirisha yote manne na kusema ni kwa ajili ya hewa.

Dakta Amna hakukaa alipozungumza nami. Alisema itabidi akate chini ya goti, tena kesho asubuhi, la sivyo hatakuwa anazungumzia mguu tena. Nikamwuliza kuhusu kisigino. Akasema, "Samahani." Aliweka mkono begani mwangu na kuuacha pale. Wakaniletea karatasi nikatia sahihi. Kisha mfanyakazi mmoja wa hospitali, mpole sana, akauliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza.

"Kiungo kitazikwa. Utataka mtu wako awepo?"

Sikuelewa. Akarudia polepole. Hapa kiungo cha binadamu hakichomwi kama taka. Hupelekwa makaburini. Cha asiye Mwislamu kitakwenda makaburi ya wageni, nje ya mji. Ndugu akitaka anaweza kufuatana nacho.

"Sina ndugu hapa," nikasema.

Athumani alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu wake mzima. "Anaye," akasema. "Andika."

*

Nilizinduka jioni. Nitasema hivi juu ya kuzinduka: vidole vyangu vilikuwa vinauma. Vyote vitano, vile vilivyokatwa Julai, viliuma vizuri na waziwazi kama nilivyokuwa navyo ziwani. Niliinua shuka kuviangalia. Mpaka leo vinauma, na hasa kunapopoa. Usiogope vikikupata. Huna wazimu.

Sasa ni Januari. Nina mguu wa bandia ambao ninauvaa kwa saa chache na kuuvua kwa hasira. Mwajiri ameniweka kwenye chumba cha kuangalia vipimo vya mitambo mpaka mkataba uishe mwezi wa Machi. Baada ya hapo nitarudi Nyahururu, na sijui fundi wa mitambo ya theluji anakwenda kufanya nini Nyahururu. Mke wangu anasema tutaona. Siwezi kukuambia kwamba nimekubali. Ninaweza kukuambia kwamba asubuhi huja, unaoga ukiwa umekaa, unakunywa chai, na siku inaanza hata kama hujaipa ruhusa.

Lakini nilikuwa nazungumzia jioni ile.

Walikuja wawili, Athumani na Wekesa, ambaye Athumani alikuwa amemfuata nyumbani kwetu. Sikuwa nimemwona Wekesa kwa karibu miezi miwili. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kamba. Alisimama mbali na kitanda, kofia mkononi. Athumani akajitupa kwenye kiti.

"Tumezika," Athumani akasema. "Mahali pazuri, tambarare. Lakini huyu ndugu yako hajui dini. Nimemwuliza, nyinyi Wakristo husoma nini mtu akizikwa mguu? Ananitumbulia macho."

"Hakuna cha mguu," Wekesa akasema.

"Nikamwambia basi soma chochote, siwezi kusoma mimi, nitauchanganya huko uendako. Akasoma. Akafika katikati, akakata!"

"Nilisali Baba Yetu," Wekesa akaniambia. "Nusu."

"Nusu!" Athumani akasema. "Nikamwuliza kwa nini nusu. Anasema kwa sababu ni mguu tu, si mtu mzima."

Nilicheka. Sikutaka, kicheko kilivuta kidonda na machozi yakanitoka. Athumani naye akacheka, akaniambia anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akainuka kwa kushikilia kitanda na kutoka polepole. Nadhani hakuwa na kiu.

Tukabaki wawili.

"Si kwa sababu hiyo," Wekesa akasema.

"Nini?"

"Nilivyokata. Nilimdanganya mzee." Alikuwa akiigeuzageuza kofia. "Nilifika pale pa kuomba kusamehewa makosa. Mdomo ukakataa."

Mashine iliyokuwa imeunganishwa na mkono wangu ililia, ikanyamaza. Nilitafuta la kumwambia. Nilikuwa nimelitafuta kwa miezi, na halikuwepo hata sasa, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

"Umesimama sana," nikasema. "Keti."

Akatazama kiti, kilikuwa na koti la Athumani. Akaja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, upande wa kulia, mwishoni, pale ambapo shuka lilikuwa limelala bapa. Hakujua alipoketi. Nikamwacha akae.